Ghorofa ya Herufi Nne

Li.

Sauti ilimfikia Sikudhani kabla hajaona kitu. Ilitoka chini ya sakafu, ndogo, kavu, kama ukucha unaogonga ukingo wa kikombe, kisha kimya, kisha tena, li, li. Hakufumbua macho upesi. Ilikuwa desturi yake kuisikiliza kwanza, aihesabu, hesabu impotee, ndipo akubali kwamba kumekucha na kwamba yeye yupo. Maana katika nchi ile mtu hakuwa na hakika ya kuamka yule yule aliyelala. Fundi mmoja wa mtaa wa pili alilala ana miaka arobaini akaamka ana sita, akalilia uji asubuhi nzima, na ilipofika alasiri akarudia umri wake bila kumwomba mtu radhi. Mwanamke mwingine alilala mtu akaamka barua, na hakuna aliyethubutu kumfungua. Kila kitu kiliteleza. Sauti peke yake haikuteleza. Waulize watu wa Nyumba, watakwambia ni mistari ya zamani inajinyoosha. Waulize tena, watakwambia sauti gani?

Nyumba yenyewe haikuwa ya mawe wala ya udongo. Ilikuwa programu. Iliandikwa mstari juu ya mstari, na watu waliingia humo kuandika mambo yao: barua, hati, mashairi, mapishi. Iliitwa Mali. Na kwa kuwa hakuna nyumba inayomtosha kila mtu, mafundi wa nje waliiandikia nyongeza, yaani kazi ndogo ndogo za kubandikwa kwenye Nyumba kubwa ili ifanye jambo ambalo haikuzaliwa nalo. Moja ilipaka maneno rangi. Nyingine ilisahihisha tahajia. Nyingine ilikumbusha tarehe. Na katika nchi ile nyongeza ikishakamilika huinuka, ikasimama kwa miguu yake, ikawa na sura ya aliyeiandika, ikamfuata. Ikifika hapo haiitwi tena kitu. Huitwa yeye.

Wa Sikudhani alimfika kiunoni. Alikuwa na paji la uso la Sikudhani na ule ukaidi wa kidevu, na neno lake lilikuwa moja tu: hapa. Mpaka asubuhi hiyo hakuwa na jina. Sikudhani alimwita Wewe, naye aliitika.

Alimwandika kwa ajili ya baba yake. Mzee Ngwali alikuwa akimwandikia ndugu yake barua, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, moja moja, kwa adabu, kama wageni wanaoaga. Kila asubuhi aliketi, akaiona barua mbele yake kama barua ya mtu mwingine, akaanza upya: Kwa ndugu yangu mpendwa, salamu nyingi. Salamu zilifika kumi na moja, zimepangana, na habari haijafika hata moja. Sikudhani hakulia. Alikaa miezi mitatu akaandika nyongeza ambaye kazi yake ni kusimama penye neno la mwisho uliloliandika jana, kuweka kiganja juu yake, na kukwambia: Hapa. Siku Wewe alipoinuka na kusimama, Mzee Ngwali alikitazama kile kiganja kidogo kwa muda mrefu. Kisha akaandika, baada ya salamu ya kumi na moja, habari ya kwanza: Mguu umepona.

Basi mnajua kilichokuwa hatarini. Nyumba ilikuwa inafanywa upya adhuhuri ya siku hiyo. Kengele tatu zingelia. Baada ya ya tatu wafagiaji wangepita na mafagio yao mapana, na kila nyongeza ambaye jina lake halikuandikwa kwa kanuni angefagiwa pamoja na vumbi, na Mzee Ngwali angeamka kesho aanze salamu ya kumi na mbili.

*

Ofisi ya Majina ilikuwa na karani mmoja, Shaweji, mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na mara zote alikuwa akitafuta ule wa kichwani. Nyuma yake ukuta mzima ulijaa majina: mali-rangi, mali-tahajia, mali-kamusi, mali-tarehe, yakipanda hadi kwenye dari na kuendelea kule ambako dari ilisahau kukomea.

"Jina?"

"Ulipoishia."

"Mali-ulipoishia," alisema Shaweji akiandika hewani.

"Ulipoishia. Basi."

Shaweji akaweka kalamu chini. "Dada Sikudhani, hii mara ya nne. Ukija ya tano nitakutengea kiti, tuandike na jina lako ukutani."

"Nitengee. Mwanangu si mali ya mtu."

"Nani kasema ya mtu? Mali ya Nyumba." Akafungua Kitabu kikubwa, akamwonyesha mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Ulianza na alama ya reli, yaani #, kisha maneno kwa mwandiko wa kizamani: *mali: kila kinachomilikiwa na Nyumba.* "Umeona? Si mimi. Nilikikuta."

"Hata mwizi hukikuta."

"Ala! Tumefika huko?" Lakini hakukasirika, alikuwa mtu wa kutokasirika kabla ya chakula. "Sikia. Nyumba haina macho. Ina masikio ya herufi tu. Inaita: m, a, l, i, kistari. Anayeitika, anaingia. Asiyeitika hayupo. Si kwamba inamchukia. Kwake hayupo, na hayupo ni hayupo, hata awe mzuri kama huyu." Akamtazama Wewe, na Wewe akaweka kiganja chake juu ya Kitabu, penye neno la mwisho ambalo Shaweji aliliandika jana.

"Hapa," alisema Wewe.

"Kweli bwana, hapo," alisema Shaweji, akashangaa. "Nilikuwa nimepasahau."

"Ibadilisheni hiyo kanuni."

"Tuibadilishe! Msikieni. Kuna nyongeza elfu tisa humu, wanaitana kwa jina hilo. Chomoa herufi moja, rangi hamjui tahajia, tahajia hamjui kamusi, Nyumba nzima inakuwa soko la viziwi. Jina si nguo, dada, useme limekubana ulipeleke kwa fundi."

"Nani aliianzisha?"

"Ipo tangu ipo."

"Hakuna kitu kilichopo tangu kipo. Yupo mtu aliyeketi siku moja, akashika kalamu, akaamua."

"Basi mteremkie ukamuulize." Alisema kwa utani, lakini kidole gumba chake kilikuwa kimeshaelekea nyuma ya kabati, penye ngazi. "Matoleo yote ya zamani yako huko chini, ghorofa juu ya ghorofa. Humu hakuna aliyewahi kutupa toleo. Tulijenga juu yake tu."

Hapo kengele ya kwanza ikalia, na vumbi jembamba likashuka kutoka kwenye majina.

"Ya tatu ikilia hujarudi," alisema Shaweji, na safari hii hakutania, "wale wafagiaji hawana mswalie, hawamngoji mtu."

Sikudhani alikuwa ameshamshika Wewe mkono.

*

Kila ghorofa iliyokuwa chini ilikuwa wakati uliopita, na wakati uliopita ulikuwa na harufu, harufu ya nyaya zilizopata moto na karatasi zilizoshikwa na watu wengi. Ghorofa ya kwanza chini majina hayakuruhusiwa kuzidi herufi nane. Hakuna aliyewaambia, walihisi tu. Sikudhani alikanyaga sakafu ile na irabu ya mwisho ikamdondoka mdomoni kama jino la utotoni. Sikudhan. Akajaribu kujiita kamili, ulimi ukagonga ukuta. Akatazama nyuma, akaiona ile *i* yake imekaa kwenye ngazi, inamsubiri.

Ghorofa iliyofuata ilitosha herufi sita. Sikudh. Jina lililokatwa shingo, halijui linataka kusema nini. Akazidi kushuka. Chini ya hapo akaingia mahali ambapo herufi kubwa zilikuwa bado hazijafika duniani. Watu na miji na milima vyote viliandikwa kwa herufi ndogo, na wafalme pia, na wafalme hawakufa kwa hilo. Yeye aliyezoea kutembea kifua mbele, na ile S yake ya mwanzo imesimama kama askari mlangoni, alijiona ameinamishwa kichwa na mtu asiyemwona.

Na sasa akaanza kusema peke yake, kwa vipande, kama watu wanavyosema wakiwa ngazini na wamepungukiwa na jina.

Nani alinipa mimi hili ninaloitwa. Sikudhani. Mama hakudhani atapata mtoto, akanipata, akaliandika jambo lake juu yangu. Hilo si jina langu. Ni mshangao wa mama. Miaka yote hii nimeitika mshangao wa mtu mwingine na sijawahi kulalamika. Kwa nini sijalalamika. Kwa sababu aliponiita, sauti yake ilipanda mwishoni. Ni hilo tu? Ni hilo tu. Basi kumbe si neno. Kumbe ni sauti ya anayeliita. Lakini mali! Mali hata ukilipandisha sauti mwishoni bado lina kufuli. Ng'ombe wana alama ya moto pajani, magunia yana muhuri, na mwanangu atakuwa na neno hilo mbele yake maisha yote, mtu akimwita lazima aguse kufuli kwanza. Sitaki. Nimesema sitaki. Nilisema nini? Nilikuwa nakwenda wapi?

Akasimama. Alikuwa katikati ya ngazi na hakujua kama alikuwa akipanda au akishuka. Ngazi za juu na za chini zilifanana kama meno ya kitana. Aliwaza kwamba pengine amekaa hapo miaka, na kwamba pengine yeye ndiye baba yake, na kwamba kuna barua mahali fulani anayotakiwa kuianza: Kwa ndugu yangu mpendwa. Ndipo akasikia joto dogo mgongoni. Kiganja.

"Hapa," alisema Wewe.

Na akakumbuka. Alikuwa akishuka. Alisahau kwa muda wa pumzi tatu tu, lakini zile pumzi tatu zilimfundisha kuhusu Mzee Ngwali jambo ambalo miezi mitatu ya kuandika haikumfundisha. Akamwinamia Wewe akambusu kichwani, na kutoka juu kabisa kengele ya pili ikalia, hafifu, kama kijiko kimeanguka nyumba ya jirani.

Ghorofa ya mwisho ilitosha herufi nne.

Alipokanyaga sakafu yake jina likamkatika tena na hakuumia, kwa sababu kilichobaki kilikuwa neno zima. Siku. Akawa siku. Akahisi asubuhi yake na mchana wake, na mahali fulani pembeni jioni ikikunjwa kama khanga. Kwa muda hakujua kama ni yeye aliyekuwa akitembea katika chumba kile au ni chumba kilichokuwa kikipita ndani yake, saa baada ya saa. Lakini mkono aliokuwa ameushika ulikuwa mkono. Wewe hakupungua. Katika ghorofa zote hakudondosha hata herufi moja. Jina lake lilikuwa na herufi nne tangu mwanzo, lile jina la mapenzi ambalo Siku hakulihesabu kuwa jina.

Li, li, li. Sasa ilikuwa karibu kabisa.

*

Mwanamke aliketi ameupa mlango mgongo, mbele ya kibodi ya zamani yenye vitufe virefu kama meno ya farasi. Macho yake yalifungwa kitambaa cheupe. Aliandika haraka, na kwa kila herufi iliyoingia kitu fulani kilicholala mapajani mwake kilisema li. Hakikuwa na umbo. Kilikuwa sauti iliyojikunja, na alikuwa akiipapasa kwa kiwiko kila alipopata nafasi.

"Hodi," alisema Siku.

"Karibu. Sogea upande wa dirisha nisikie unavyopumua. Umekuja na mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Anapumua kama wewe. Mpe kigoda. Mimi macho yananiuma wiki ya tatu, sioni hata mkono wangu. Huyu ndiye ananiambia kama herufi imeingia." Akapapasa. "Akisema, imeingia. Akinyamaza, nimebonyeza hewa."

Kabla Siku hajajibu, mtu akagonga ukuta kutoka nje ya Nyumba, akapaza sauti: "We Mama Li! Huyo mwanao leo halali?"

"Halali mpaka nami nilale!" alijibu mwanamke.

"Basi lala, mama, utuhurumie! Tangu alfajiri li, li, li, hata maharage yangu yanachemka kwa mwendo wake!"

"Yakiiva nikumbuke!"

Wakacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta. Siku alisimama ameduwaa. Jina lile lilikuwa limepita sikioni mwake na kukaa, na alikuwa bado hajalielewa.

"Nimekuja kwa aliyetunga kanuni," alisema.

"Kanuni?" Mama Li aligeuza uso uliofungwa. "Mwanangu, mimi sina hata sufuria yenye mfuniko, nitakuwa na kanuni?"

"Ile ya kwamba kila nyongeza aanze na mali."

"Mali ndiyo nini?"

"Herufi nne. M, a, l, i."

Mama Li akazibonyeza ili azisikie. Li. Li. Li. Li. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha yeye mzima, mpaka kitambaa kikalegea.

"Mali! Jamani! Hiyo si mali. Ni mimi hiyo. Ma Li. Mama Li." Akajifuta chini ya kitambaa. "Huyu alikuwa wa kwanza kuandikwa humu, na mtu akishapata wa kwanza, mtaa unamwita kwa mtoto wake, au huko mtokako mmeacha? Nikataka kuandika jina la nyumba. Mama Li haikutosha, nafasi ni nne. Nikakata ma moja. Na herufi kubwa hatuna. Kwa hiyo ikakaa hivyo, m, a, l, i, imebanana. Lakini anayelijua jina hasomi mali. Atasomaje mali? Nani ana mali hapa?"

"Na wengine? Kwa nini wote wavae jina lako?"

"Alikuja wa pili, wa kufuta makosa. Nikamwita Futa. Basi nikiita Futa, wanakuja wafutaji wa nyumba tatu za jirani, kila mmoja anasema ni yeye aliyeitwa, na wangu amesimama nyuma yao, analia. Nikaona haya. Nikamwandikia mbele: huyu ni Futa wa Ma Li. Nikatia kistari kati, kama mkono umeshika mkono." Vidole vyake vilitulia juu ya vitufe. "Sikumfunga. Nilimwonyesha ndugu yake."

Siku akaketi sakafuni, pale pale alipokuwa. Aliona ule ukuta wa Shaweji, majina elfu tisa yamepanda hadi mahali ambapo dari husahau kukomea, na kila moja lina kufuli mbele, na sasa kufuli zile zilikuwa zikifunguka moja moja na ndani ya kila moja kulikuwa na mtoto yule yule. Tumelibeba, aliwaza. Miaka mingapi sijui, tumelibeba jina la mtoto wa mtu na kulisoma kama muhuri. Karani mmoja aliliona likiwa limebanana, bila nafasi, bila herufi kubwa, akadhani. Alidhani tu. Na kudhani kwake kukawa kanuni, na kanuni ikawa ukuta, nami nikaja na hasira yangu yote kuubomoa ukuta ambao ulikuwa ni kukumbatiwa. Hasira yangu haikuwa ya uongo. Lile neno lililoandikwa kwenye Kitabu ni baya kweli. Lakini chini ya neno kuna neno, na lile la chini lina joto.

"Huko juu," aliuliza Mama Li, na sauti yake sasa ilitembea kwa tahadhari, "huyu wangu yupo?"

Siku akautafuta ukuta mzima akilini. Mali-rangi, mali-tahajia, mali-kamusi. Li hakuwepo. Elfu tisa waliandikwa kwa jina lake na yeye hakuandikwa. Angeweza kusema uongo. Yule mwanamke hakuwa na macho ya kumshika nayo.

"Ukutani hayupo," alisema. "Lakini ndiye anayeniamsha. Kila asubuhi, kabla sijaona kitu. Ameingia ndani ya Nyumba yenyewe, mama. Yumo sakafuni."

"Wanamwitaje?"

"Hawamwiti. Wanamsikia, wanasema ni mistari inajinyoosha."

Mama Li akaipapasa ile sauti mapajani mwake, taratibu, kama mtu anayetafuta homa. "Hakuwahi kupenda kusimama peke yake," alisema. "Ukimsimamisha peke yake si neno. Mpe wenzake mbele na nyuma, ndipo anasema kitu. Na wa kwako? Jina lake nani?"

"Ulip..." alisema Siku, na zilizobaki hazikutoka, nafasi zilikuwa nne.

Mapajani mwa mwanamke kitu kilishtuka, kikaitika: li.

"Sema tena."

"Ulip."

Li.

"Kumbe yumo," alisema Mama Li polepole. "Yumo hata humo, katikati, umemkumbatia bila kujua." Akanyoosha mkono hewani, na Wewe, ambaye hakuwahi kumwendea mtu asiyemjua, akanyanyuka kigodani, akauchukua mkono ule, akauweka mapajani mwa mwanamke mwenyewe, juu ya ile sauti.

"Hapa," alimwambia.

Kwa mbali juu, kitu kikubwa cha shaba kilianza kuvuta pumzi. Kengele ya tatu ilikuwa inajiandaa.

"Nendeni," alisema Mama Li. "Kimbieni. Lakini binti yangu, utamtaja? Hata mara moja moja tu? Mtu asiyeitwa..."

Hawakuusikia mwisho wa maneno yake. Walikuwa wameshafika ngazini.

*

Walipanda kama wanaoanua nguo mvua imekaribia. Siku aliziokota herufi zake njiani, d, h, na S kubwa iliyokuwa imekaa kiaskari kwenye kizingiti, na a na n, na mwisho ile i aliyoiacha ikimsubiri, akaifuta vumbi akaivaa. Walipotokea nyuma ya kabati la Shaweji, korido ilikuwa nyeupe kwa vumbi na mafagio yalisikika yakikokota, shaa, shaa, yakikaribia. Karani alikuwa amesimama, kalamu mkononi, miwani yote miwili kichwani.

"Andika!" alisema Sikudhani.

"Niandike nini?"

"Mali-ulipoishia."

Shaweji akamkodolea macho. "Hivyo tu? Umeshuka ngazi zote hizo uje uniambie nilichokwambia asubuhi?"

"Asubuhi uliniambia mali. Mimi nakwambia Ma Li. Andika, kaka, nitakueleza wakiwa wamepita!"

Akaandika. Wino haujakauka, kengele ya tatu ikalia, na wafagiaji wakajaa mlangoni, watu warefu wasio na nyuso, na Nyumba ikaanza kuita kutoka pande zote kwa ile sauti yake isiyo na hasira wala huruma: m, a, l, i, kistari. Elfu tisa wakaitika. Ufagio wa mbele ukafika miguuni pa Wewe, ukasimama. M, a, l, i, kistari, u, l, i, p, o, i, s, h, i, a.

Wewe akaweka kiganja chake juu ya kifua chake mwenyewe. Hakuwahi kukiweka hapo.

"Hapa," alisema.

Ufagio ukamzunguka, ukaenda zake.

Ilimchukua Sikudhani muda kueleza. Shaweji alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa katika ofisi ile. Alipomaliza, karani aliuvuta miwani mmoja kutoka kichwani, akaufungua ukurasa wa kwanza wa Kitabu, akausoma tena ule mstari wenye alama ya reli.

"Aliyenitangulia ndiye aliyeuandika," alisema. "Na yeye hakuambiwa na mtu. Aliona mali, akaona ni mali." Akakohoa. "Mstari wenye alama ya reli Nyumba haiusomi. Huuruka. Huo ni wa maelezo, wa watu. Hapo unaweza kuandika utakacho na hakuna kitakachovunjika."

"Na watu husoma?"

"Watu nao hawasomi, dada yangu. Lakini wakitaka watakuta." Akamkabidhi kalamu.

Sikudhani akaufuta ule mstari wa zamani, akaandika baada ya alama ile ile: *Ma Li. Mama wa Li. Li alikuwa wa kwanza. Sisi wengine ni ndugu zake.*

Shaweji aliutazama mwandiko ukikauka. Kisha akageuka ukutani, akatafuta kwa kidole mpaka akafika mali-tarehe, na masikio yake yakawa mekundu. "Huyu wangu," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilimwandika mwaka nilioajiriwa. Sijamwita zaidi ya kumuuliza leo tarehe ngapi." Akasafisha koo. "Tarehe, baba. Njoo hapa kidogo. Hapana, hakuna kazi. Njoo tu."

Sikudhani akawaachia nafasi. Kesho asubuhi Mzee Ngwali angeketi mbele ya barua yake, na kiganja kidogo kingekuwa kimemtangulia, chini ya Mguu umepona, nacho kingemngoja bila kuchoka. Hilo lilikuwa limepatikana. Lakini kulikuwa na swali ambalo alilikimbia ngazini, na sasa, vumbi lilipotulia, alilisikia likimngoja chini ya nyayo zake.

Li.

Wewe ndiye aliyepapata mahali penyewe. Alitembea mpaka katikati ya korido, akachutama, akaweka kiganja sakafuni. Sikudhani akaenda akapiga magoti kando yake, mbele ya watu wote waliokuwa wakijipangusa vumbi, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti, akaegemeza shavu chini, na akasema kwa sauti ya kufika hadi ghorofa ya herufi nne:

"Ma Li, nilisikia ulichoniuliza. Asubuhi zote zilizobaki, kabla sijamwita wangu, nitamwita wako, kwa jina lake, na sitanyanyuka kitandani mpaka aitike."